Pembe ya Nyuma ya Choo

Jumatatu, 21 Agosti

Siku kubwa! Niandike haraka kabla viazi havijapoa.

Leo asubuhi mpwa wangu Janalee katuita nyuma ya duka, sisi wasaidizi wa kujitolea wote. Wote maana yake ni mimi, Verl Tolman, pamoja na Mwalimu Wendell Ashcroft, ambaye amefundisha somo la mawe muda mrefu mpaka akaanza kufanana nayo. Habari yenyewe: askari wa hifadhi aliyepangiwa kuongea Jumamosi, kwenye moto wa jioni kambini, ule wa kufunga msimu, ameitwa kaskazini kuzima moto wa msitu. Nafasi iko wazi. Jumuiya itoe mtu wake. Yaani mmoja wetu!

Kwa atakayesoma shajara hii nikishakufa (na itasomwa, sina shaka), Jumuiya ya Marafiki wa Korongo la Hadlock ni hivi. Korongo ni la serikali. Barabara ni ya serikali, vyoo ni vya serikali, na askari wenye kofia bapa ni wa serikali. Sisi tuna maneno. Duka letu ndani ya Kituo cha Wageni linauza ramani, vitabu, na sungura wa kitambaa, na kila senti inayobaki inageuka basi la kuwaleta watoto wa shule, au kijitabu cha bure, au meza yenye vitu vya kuonyesha wageni. Mtu ananunua sungura wa kitambaa asijue kwamba amemleta mtoto mmoja kuona korongo. Mimi nimeona kazi nyingi duniani, nyingine nimefukuzwa, lakini iliyo safi kama hii sijaiona.

Janalee ndiye mkuu wa mambo ya elimu hapo. Anasikia uongo tangu ukiwa maegesho ya magari. Mama yake, dada yangu, alikuwa hivyo hivyo. Kasema wiki hii tutapokezana Meza ya Kugusa pale mlangoni, naye atakuwa anatutazama. Ijumaa jioni atachagua.

Nieleze kwa nini lazima iwe mimi. Maisha yangu yote watu huondoka nikiwa bado naongea. Kwa kinyozi wanaondoka. Kwenye chakula cha kanisa wanaondoka, tena na sahani mkononi. Lakini motoni watu huja na viti vyao wenyewe. Mtu aliyebeba kiti chake kutoka kwenye gari haondoki!

Mwalimu Wendell kanipa mkono akanitakia heri. Mnafiki.

Jumanne, 22 Agosti

Zamu yangu mezani. Vitu vilivyopo: fuvu la puma, ngozi ya mbweha, pembe ndogo ya kulungu iliyofungwa mnyororo kama mfungwa, na vinyesi vya mpira vya wanyama mbalimbali. Watoto wanapenda vinyesi. Wazazi wao wanapenda pia ila wanajifanya.

Nikaanza na fuvu. Nikawaambia wageni kwamba puma huyu nilimfahamu. Alinifuata msimu mzima wa theluji, hatua kwa hatua, mpaka usiku mmoja nikageuka nikampiga usoni na bakuli la viazi vya msiba, vile vya jibini ambavyo dada yangu alikuwa akiwapelekea wafiwa. Puma akalamba jibini, akanitazama, akaondoka na heshima zake. Familia moja kutoka Ujerumani ikapiga picha na bakuli la kufikirika. Umati! Nyuma yangu mtu akakohoa. Wendell.

Halafu Janalee kaniita pembeni. "Mjomba, hilo fuvu ni la plastiki. Limeandikwa kwa chini." Nikasema fuvu ni la plastiki ndiyo, lakini puma mwenyewe hakuwa wa plastiki. Akakaza mdomo. Alikuwa karibu kucheka, namjua. Kisha akaniambia kuna mtu amekusanya nguvu miaka yote aje huku mara moja, amelala kwenye gari, amekula mkate mkavu njiani. Tutakalomwambia ndilo atakwenda nalo kwao, atawasimulia wajukuu. "Tukimpa uongo, Mjomba, tumemwibia."

Maneno mazito. Nimeyaandika kiganjani. Nitayatumia Jumamosi kama yangu.

Mchana ikawa zamu ya Wendell. Yule mtu anaongea chinichini mpaka watu wanamwinamia kama wanataka kumnong'oneza yeye. Kawaonyesha mstari mwekundu ukutani mwa korongo, akasema hapo palikuwa tope, na juu ya tope alipita mjusi mkubwa, na siku hiyo mvua ilinyesha, matone yanaonekana mpaka leo. Mama mmoja akafuta machozi. Kwa ajili ya tope!

Na mimi niliinama kidogo. Kidogo tu.

Jumatano, 23 Agosti

Leo nimemwapisha mtu.

Tuna mpango wa Askari Wadogo. Mtoto anachukua kijitabu chetu, anatembea, anachora nyayo, anahesabu tabaka, anarudi mezani, anainua mkono wa kulia, anaapa kuitunza hifadhi, anapewa beji ya mbao. Jumuiya ndiyo inayochapa vijitabu na kutengeneza beji. Kazi ya kuapisha huwa ya askari, lakini siku za watu wengi tunaruhusiwa na sisi.

Basi akaja mwanamke mwenye umri wa miaka themanini na moja. Bi Opal Knudsen, kutoka Nebraska. Amepiga kambi hapa tangu wiki iliyopita, peke yake, na gari-nyumba dogo lililopakwa rangi ya siagi. Kijitabu amekijaza chote, hata kurasa za watoto wa miaka mitano. Amepaka rangi chura bila kutoka nje ya mstari. Nikamuuliza, Bi Opal, hii ni ya mjukuu? Akanitazama kama mtu anayetazama kiatu chenye tope. "Kijana, nilipokuwa na umri wa mjukuu nilikuwa nakamua ng'ombe. Niapishe."

Kijana! Nina miaka hamsini na nne. Nikampenda hapo hapo.

Akasimama wima. Mkono juu. Nikasoma kiapo, naye akakifuata neno kwa neno. Kiapo chetu ni kizuri lakini kifupi, kinaisha kabla mtu hajasisimka. Nikaona nikiongezee uzito. Nikamwapisha zaidi kwamba atamripoti yeyote atakayeondoa kitu mahali pake hifadhini, hata jiwe dogo, hata akiwa ndugu, hata akiwa amevaa kizibao cha kijani cha Jumuiya.

Lile la kizibao nilimlenga Wendell. Alicheka na wengine. Hajui hata kuudhika, huyu.

Bi Opal akaapa yote kwa sauti ya kanisani. Nikambandika beji. Akanipigia saluti. Watu wakapiga makofi, na Janalee akageukia rafu ya ramani akawa anazipanga bila sababu, akijifuta pua.

Hesabu yangu: mimi mbele, Wendell nyuma.

Alhamisi, 24 Agosti

Wendell mbele. Kaleta boga. Boga! Kalikata katikati kuonyesha jinsi mto unavyochimba mwamba. Watoto wakalimwagia maji siku nzima. Mpaka sungura wa kitambaa wakaisha dukani.

Jioni nikakaa kwenye gari langu nikafikiri. Tatizo si mimi. Tatizo ni meza. Puma wa plastiki, kinyesi cha mpira, na pembe ndogo kama ya mbuzi mgonjwa. Mpe fundi nyundo ya karatasi uone kama atajenga.

Na pembe kubwa ninaijua ilipo! Ile ya dume la kulungu wa milimani, wale wakubwa kama farasi, ambao huangusha pembe zao kila mwaka na kuota nyingine. Matawi sita, ndefu karibu kunifikia mabegani. Imelala nyasini nyuma ya choo cha kambini. Nimeiona mara nyingi nikienda kwa shughuli zangu.

Najua sheria. Naifundisha! Hakiondolewi kitu chochote: ua, jiwe, mfupa, pembe. Lakini nimeipima sheria hii vizuri. Inakataza kutoa kitu hifadhini. Choo kiko ndani ya hifadhi. Meza iko ndani ya hifadhi. Pembe itakuwa haijaondoka. Itakuwa imehama.

Wakili asingeipanga vizuri zaidi.

Ijumaa, 25 Agosti

Mkono unauma. Miguu inauma. Niandike polepole.

Alfajiri niliibeba pembe. Kulipokucha ilikuwa mezani. Wageni wa kwanza walisimama mita kadhaa mbali, kama mbele ya mfalme. Baba mmoja akamwinua mtoto wake aguse ncha. Basi zima la wazee kutoka Idaho likanizunguka. Wendell mwenyewe akaja, akavua miwani, akasema ni nzuri mno, nimeipata wapi?

Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Niseme nyuma ya choo? Mbele ya Idaho nzima? Nikanyoosha kidole juu, kwenye Kichwa cha Askofu, ule mwamba mrefu unaotazama korongo lote. Nikasema nimeitoa kule kileleni, leo hii alfajiri, kwa mikono hii. Kwamba dume mwenyewe alikuwepo, tukatazamana, akainamisha kichwa akaiangusha miguuni pangu kama zawadi. Makofi!

Mtu mmoja hakupiga. Bi Opal, beji kifuani, kikombe cha kakao mkononi. Akauliza kwa upole: imetoka ndani ya hifadhi? Nikasema ndiyo mama, hifadhini kabisa, si ya kununua. Akauliza: na wewe ndiye uliyeiondoa mahali pake? Nikasema ndiyo, mimi mwenyewe!

Akaweka kikombe mezani, kando ya kinyesi cha puma. Akainua mkono wa kulia. Akasema ameapa, tena mimi ndiye niliyemwapisha. Kisha akaenda kumwita askari.

Afande Quintana akaja na kofia yake bapa na uso usio na mlango. Kasikiliza. Nikamweleza kuhusu kuhama na kuondoka. Akasema, "Bwana Tolman, hiyo hoja wezi wa mawe wananiletea kila wiki, na wao huwa wameifikiria zaidi." Pembe irudi pale pale ilipotoka, sasa hivi, nimwonyeshe.

Nikamtazama Janalee. Alikuwa amesimama mlangoni. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa na uso ule wa dada yangu siku niliyouza trekta la baba.

Basi ningesema hapo hapo, ni nyuma ya choo, mwendo wa kuvuta pumzi mara chache. Lakini Idaho walikuwa bado wananitazama. Nikasema: twendeni Kichwa cha Askofu.

Ee Mungu. Njia ya kupanda kule ni ya kuzunguka-zunguka kama utumbo, na jua la Agosti halina huruma. Pembe begani. Kila tawi lilijitafutia ubavu wake mwilini mwangu. Nyuma yangu Afande. Mbele yangu Bi Opal, ambaye hakualikwa, anapanda kama mbuzi wa mlimani huku ananionyesha ndege. Nilipumzika kwenye kila kona. Yeye alinisubiri kwenye kila kona, akinipa maji yake.

Kileleni nikatua pembe. Nikasema kwa sauti ya mwisho: ilikuwa hapa.

Bi Opal akakaa juu ya jiwe, akatazama korongo lote lililofunguka chini, jekundu, na mto ukimeta kama wembe. Kisha akasema, "Kijana, hiyo pembe ilikuwa nyuma ya choo. Naisalimu kila asubuhi nikienda kuosha uso. Kuna kindi huja kuitafuna. Nakunywa kakao yangu namtazama."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kule chini!

Akasema hakuwa na mtu wa kupanda naye, na alitaka sana kuona huku juu kabla hajarudi Nebraska.

Afande Quintana akageuka upande wa pili. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Tukashuka. Tukairudisha nyuma ya choo, ile alama ya nyasi iliyolala bado ilikuwepo, ikakaa kama yai kwenye kiota. Bi Opal akatuambia tukae kimya. Tukakaa. Haukupita muda, kindi akaja. Akazunguka. Akanusa mahali ambapo mkono wangu uliishika, akapiga chafya, kisha akaanza kutafuna, krr krr krr. Bi Opal akanong'ona kwamba ndiyo chumvi yake hiyo, ndiyo chokaa ya mifupa yake, labda ana watoto. Sikujua. Nimepita hapo miaka yote nikaona pembe tu.

Afande kaniandikia onyo. Mara ya pili ni mahakama. Janalee akanisubiri dukani baada ya kufunga. Akasema aliponileta hapa, baraza la Jumuiya lilimuuliza kama ananidhamini, naye akasema ndiyo kabla hawajamaliza swali. Halafu akanyoosha mkono. Nikavua kizibao.

Mwanga wa duka ukazimwa. Wendell ataongea kesho.

Jumamosi, 26 Agosti

Sikutaka kuamka. Nikala jeli ya kijani yenye karoti kwa kifungua kinywa, nimesimama.

Saa sita Wendell kabisha mlangoni kwangu! Nikadhani kaja kucheka. Kavua kofia, akakaa kwenye kochi langu ambalo hakuna anayekaa. Akasema alikuwa kwa Janalee asubuhi yote. Kwamba wageni kambini hawazungumzi habari ya boga. Wanazungumza habari ya pembe na bibi. Kila aliyekwenda chooni leo amesikia kwa Bi Opal, akasimama nyuma kumtazama kindi, na hakuna aliyegusa. "Miaka thelathini nimefundisha watu wasiguse, Verl. Wewe umefanikiwa kwa siku moja. Ni njia ya ajabu, lakini nimeiona kwa macho yangu."

Nikamwambia wewe ni mtu mbaya sana, Mwalimu, unaninyima hata wa kumchukia.

Jioni Janalee akanisubiri kando ya moto. Masharti: mimi nianze, Wendell amalizie. Niseme lililotokea, hivyo hivyo lilivyotokea. "Bila chumvi, Mjomba. Punje moja tu, kizibao kinabaki kwenye msumari, na mimi sitaweza kukusemea tena. Sitaweza."

Watu walikuja na viti vyao. Viti vya turubai, viti vya watoto, mmoja kaja na kiti cha jikoni. Bi Opal mstari wa mbele, beji inang'aa. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Nikasikia lile dume la kulungu linakuja mbio ulimini mwangu, linainamisha kichwa, tayari kabisa! Nikamtazama Janalee, gizani, mikono imeshikana.

Nikasema: ilikuwa nyuma ya choo.

Kisha mtu mmoja akacheka, kisha moto wote ukacheka. Nikaendelea. Kuhama na kuondoka. Kiapo nilichokiongezea mwenyewe. Idaho. Utumbo wa njia. Maji ya Bi Opal. Nilikuwa nangoja waondoke. Hawakuondoka! Hakuna hata kiti kimoja kilichokunjwa. Nikafika kwa kindi, wakanyamaza wenyewe, mpaka krr krr ikasikika ingawa ni mimi niliyeifanya.

Mama mmoja akauliza kindi anaendeleaje sasa. Nikasema sijui. Nilimwona mara moja tu. Sijawahi kusema sijui mbele za watu. Ni kama kuvua kiatu kinachobana.

Mwishoni Bi Opal akasimama bila kuitwa, akainua mkono. Mmoja akamfuata, kisha mwingine, kisha wote, babu na watoto, hata Afande Quintana na kofia yake. Wakaapa. Kile kifupi, kama kilivyoandikwa. Hakikuhitaji kuongezewa kitu. Kisha Wendell akawaonyesha matone ya mvua ya kale kwa kurunzi, wakamwinamia, nami nikainama mpaka nikakaribia kuanguka.

Janalee akanivika kizibao kutoka nyuma, kama mtu anayemvika mtoto. Akakaza vifungo.

Jumapili, 27 Agosti

Chakula cha kanisani. Nimewasimulia. Watu elfu motoni, wengine wamesimama juu ya magari. Pembe ilikuwa nzito kama ndama. Kindi alinipa mkono. Wakaondoka na sahani zao, lakini polepole kuliko kawaida.

Baada ya hapo nikatembea kandokando ya mto, ndani ya hifadhi, kizibao kimenikaa vizuri. Na nikaliona. Jiwe! Si kubwa. Ukilitazama upande huu, pua ile ile, kidevu kile kile, hata miwani: Mwalimu Wendell mtupu! Korongo limekaa miaka yote hiyo likimchonga, na hakuna anayejua. Hebu fikiria jiwe hilo kwenye Meza ya Kugusa msimu ujao, na yeye mwenyewe amesimama kando yake. Itakuwa heshima kwake. Itakuwa elimu. Na mto uko ndani ya hifadhi, na meza iko ndani ya hifadhi.

Kindi hali mawe. Nimehakikisha.

Sijaligusa. Gari-nyumba la rangi ya siagi bado liko kambini. Bi Opal anaondoka kesho baada ya kakao.

Nitangoja.